Maji ya mfereji yakichafuka, linda kinywa kwanza

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi maji huja usiku. Mfereji uliokauka tangu Jumatatu huanza kukohoa saa tisa za usiku siku ya Alhamisi, hutema hewa, kisha hutoa maji ya rangi ya udongo. Mama huamka, baba huamka, hata watoto huamshwa, na kila chombo kilichomo nyumbani hujazwa: mitungi, ndoo, karai, sufuria na hata beseni la kuogea mtoto. Hakuna anayesimama kunusa wala kutazama. Anayechelewa hukosa.

Kunapopambazuka uchafu umezama chini na maji yanaonekana safi kama kawaida. Mtoto anachota kikombe kimoja, anakunywa, anakwenda shule. Siku mbili baadaye tumbo linamkata, anatapika na kuendesha, na mzazi analaumu mandazi ya kando ya barabara. Mara nyingi mandazi hayo hayana hatia.

Maji machafu huleta kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini na minyoo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuugua siku tatu akapona. Mtoto wa mwaka mmoja hana siku tatu. Mwili wake ni mdogo na maji yaliyomo ni machache, kwa hiyo kuhara kwa siku moja tu kunaweza kumfikisha ukingoni mwa kaburi.

Habari njema ni kwamba familia yoyote, iwe inakaa katika nyumba ya ghorofa au chumba kimoja cha mabati, inaweza kujikinga bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni kujua ni maji gani ya kusafishwa, yasafishwe vipi na yawekwe wapi.

Uchafu huingia wapi?

Maji ya Nairobi hutoka mbali. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka wa 1994. Mengine hutoka bwawa la Sasumua huko Nyandarua, bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Mombasa nayo imekuwa ikipata maji ya chemchemi za Mzima tangu mwaka wa 1957, maji ambayo husafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika pwani, pamoja na yale ya Baricho kando ya mto Sabaki.

Maji haya hutiwa dawa ya klorini ili kuua viini kabla hayajasambazwa mjini. Basi ikiwa yalitoka huko yakiwa safi, mbona yafike jikoni yakinuka?

Jibu liko njiani. Bomba likiwa limejaa maji yenye nguvu, ufa mdogo hutoa maji nje. Lakini maji yanapokatwa kwa ajili ya mgao, bomba hubaki tupu na ule ufa hugeuka kuwa mdomo. Hufyonza chochote kilichoko nje, yawe maji ya mvua, ya mtaro, au ya bomba la maji taka lililopasuka karibu. Maji yanaporudi hubeba uchafu huo wote moja kwa moja hadi kwenye mfereji wako. Ndiyo sababu maji ya kwanza baada ya mgao ni ya kutiliwa shaka kuliko yote. Ndoo ya kwanza na ya pili ziwekee choo.

Katika vitongoji kama Kibera na Mathare hatari huwa kubwa zaidi. Huko mipira ya plastiki imetandazwa juu ya ardhi, mingi ikiwa pamoja hata watu wakaiita spageti, na aghalabu hupitia ndani ya mitaro ile ile inayobeba maji machafu. Mpira ukikanyagwa na mkokoteni ukapasuka, mtaro huingia ndani.

Kisha kuna mvua. Wakati wa mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998, na tena katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, vyoo vya shimo vilifurika na maji taka yakachanganyika na maji ya visima na mabomba. Mvua inaponyesha kwa fujo, usingoje tangazo la redio. Hesabu kwamba maji yako yamechafuka.

Hatimaye kuna uchafu wa nyumbani kwetu wenyewe. Tangi la juu ya paa lisilo na kifuniko huingia ndege, panya na vumbi. Tangi la chini ya ardhi lililochimbwa karibu na shimo la maji taka ni balaa linalongoja siku yake.

Macho hudanganya

Wengi wetu hupima maji kwa macho. Yakiwa angavu tunasema ni safi. La hasha! Kiini cha kipindupindu ni kidogo mno hivi kwamba gilasi inaweza kuwa na maelfu yake na bado maji yakang'aa kama kioo.

Wanafunzi wa afya husoma kisa cha mji wa London mwaka wa 1854. Kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho na mamia ya watu wakafa katika muda wa siku chache. Daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakiteka maji wapi, akagundua kuwa wengi wao walitumia pampu moja katika barabara ya Broad Street. Maji ya pampu ile yalisifiwa kwa ladha yake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda hata akawa anapelekewa chupa yake nyumbani. Naye alikufa. Mpini wa pampu uling'olewa ili watu wasiteke tena.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulihusishwa na sherehe ya harusi huko Limuru, Kaunti ya Kiambu. Kutoka hapo ulienea katika kaunti nyingi, na kabla ya kutulia zaidi ya watu 12,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 200 kufariki. Watu walikwenda kula na kusherehekea, wakarudi na maradhi.

Gawa maji mafungu matatu

Sababu kubwa inayofanya familia nyingi zisisafishe maji ni kudhani kwamba ni lazima zisafishe yote. Mama akitazama mitungi minane iliyopangwa ukutani, akakumbuka bei ya makaa au gesi, hukata tamaa kabla ya kuanza. Lakini si maji yote yanayoingia tumboni.

Fungu la kwanza ni maji ya kinywa. Haya ni ya kunywa, kupigia mswaki, kuoshea matunda na mboga zinazoliwa mbichi, kutengenezea sharubati na barafu, kukorogea maziwa ya kopo ya mtoto, kumezea dawa na kusafishia kidonda. Haya ni lazima yasafishwe bila kubahatisha.

Fungu la pili ni maji ya mwili na vyombo. Unaweza kuoga kwa maji ya mfereji ya kawaida mradi usiyameze. Mtoto mchanga, ambaye hufungua kinywa ovyo, apanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji yaliyosafishwa. Mikono inaweza kunawiwa kwa maji ya mfereji na sabuni, kwa kuwa sabuni na kusugua ndiko kunakoondoa viini. Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe mwisho kwa maji yaliyotiwa dawa, kisha vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Kupangusa kwa kitambaa kile kile kilichokaa jikoni wiki nzima ni kuvirudishia uchafu.

Fungu la tatu ni maji ya sakafu, choo na kufulia. Hayahitaji kusafishwa, isipokuwa kama yananuka maji taka. Yakinuka hivyo, yamwage chooni na usifulie nguo za mtoto.

Sasa tupige hesabu. Chukua mfano wa familia ya watu sita. Kila mtu akinywa lita mbili kwa siku, hizo ni lita 12. Ongeza lita tano au sita za mswaki, matunda na mambo madogo madogo. Jumla haifiki lita 20. Maana yake ni kuwa familia nzima inahitaji kusafisha mtungi mmoja tu wa lita 20 kwa siku. Chai, uji, ugali na sukuma wiki hupikwa hadi kuchemka, hivyo maji yake hujisafisha jikoni.

Tuliza na uchuje

Ikiwa maji yana tope, usikimbilie dawa wala moto. Yaache yatulie kwenye ndoo usiku kucha, kisha mimina ya juu polepole katika chombo kingine, ukiacha machicha chini. Pitisha maji hayo katika kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Leso kuukuu iliyofuliwa inafaa sana.

Usidharau kitambaa. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa vijiji ambako kina mama walichuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka nne au zaidi, kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Viini vile hujishikiza kwenye vijidudu vidogo vya majini, na vijidudu hivyo hukwama kwenye nyuzi za kitambaa.

Mbegu za mlonge zilizosagwa pia hutumiwa sehemu nyingi kukusanya tope, na shabu hufanya kazi hiyo hiyo. Hata hivyo, kuchuja na kutuliza ni maandalizi tu. Maji yaliyochujwa bado yana viini na ni lazima yapitie mojawapo ya njia tatu zifuatazo.

Njia ya moto

Kuchemsha ni njia ya tangu zamani, na ingali bora kuliko zote kwa kuua viini. Maji yakifika nyuzi 70 viini vingi huanza kufa upesi. Yakitokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, viini vyote vya maradhi ya tumbo vimekwisha.

Yachemke kwa muda gani? Hesabu dakika moja tangu yaanze kutokota kwa nguvu. Wanaoishi nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, kama Limuru, Eldoret na Nyahururu, wahesabu dakika tatu. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, ilhali Nairobi huchemka kwa karibu nyuzi 94. Kuyaacha yatokote nusu saa ni kuchoma makaa bure.

Kosa la kawaida huja baadaye. Maji huchemshwa vizuri, kisha mtu aliye na haraka huyapoza kwa kuongeza kikombe cha maji ya mfereji. Kazi yote imeharibika! Mengine huachwa kwenye sufuria wazi, na kila mpita njia hutumbukiza kikombe chake. Yafunike, yaachwe yapoe yenyewe katika chombo kile kile au yamiminwe katika mtungi safi.

Njia ya dawa

Klorini ni rahisi na hubaki ndani ya maji ikiendelea kuyalinda. Dawa maalumu za maji, za majimaji kama WaterGuard au za vidonge kama Aquatabs, huuzwa katika maduka ya dawa na hata madukani mitaani. Soma maelezo kabla ya kutia, kwa kuwa vidonge huwa vya nguvu tofauti, vingine vya lita 20 na vingine vya lita chache tu. Koroga, funika, na ungoje dakika 30 kabla ya kunywa.

Ukikosa dawa hizo, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe inaweza kutumika kwa dharura, mradi isiwe na manukato, rangi wala sabuni. Tazama kibandiko ujue nguvu yake. Ikiwa ni kati ya asilimia 5 na 9, tia matone mawili kwa kila lita ya maji angavu, yaani matone 40 kwa mtungi wa lita 20. Ikiwa ni asilimia 1, tia matone 10 kwa lita. Ikiwa maji bado yana ukungu hata baada ya kuchujwa, tia mara mbili ya kipimo hicho. Ngoja dakika 30. Maji yanapaswa kunukia klorini kidogo tu. Usikisie kwa jicho, na usiichanganye dawa hiyo na ile ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Jambo moja la kukumbuka: kuna vijidudu vya kuhara vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imepungua, ni heri ichemshe.

Wengine hutumia chujio la kauri. Ni chombo kizuri kinachozuia vijidudu vingi, lakini virusi ni vidogo sana na vinaweza kupenya. Maji yakishukiwa kuingia maji taka, yatie dawa hata baada ya kuyapitisha humo.

Njia ya jua

Kwa asiye na makaa wala pesa za dawa, Mungu ametupa jua. Chukua chupa ya plastiki iliyo angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isiyozidi lita mbili. Ioshe, ijaze maji yaliyochujwa, ifunge, kisha ilaze juu ya paa la mabati kwa saa sita za jua kali. Ikiwa mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Siku za mvua za kutwa, tafuta njia nyingine.

Kujua kama maji ni angavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili na utazame kutoka mdomoni hadi chini. Ukiweza kusoma maandishi, jua litafanya kazi. Usipoweza, chuja tena.

Njia hii si porojo. Ilijaribiwa hapa hapa Kenya miongoni mwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1996 katika jarida la madaktari la Lancet. Watoto waliokunywa maji ya chupa zilizowekwa juu ya paa waliharisha mara chache kuliko wale ambao chupa zao ziliwekwa ndani ya nyumba. Kipindupindu kilipozuka baadaye katika eneo hilo, watoto wa chini ya miaka sita waliotumia njia hii walipata kinga kubwa.

Kwa mwanafunzi anayeishi hosteli, ambako kuwasha jiko chumbani ni marufuku, chupa tatu za jua au kijichupa cha dawa ya maji ni urithi bora kutoka nyumbani kuliko pakiti ya biskuti. Na kikombe chako kiwe chako peke yako.

Yasichafuke tena

Maji yakishasafishwa, adui mkubwa ni mkono. Mtoto aliyetoka chooni bila kunawa, akatumbukiza mkono na kikombe ndani ya ndoo, amerudisha viini vyote vilivyouawa kwa moto. Kwa hiyo chombo cha maji ya kunywa kiwe na mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kiwe na kifuniko, na ikiwezekana kiwe na kijimfereji chini. Huko Nyanza, wafinyanzi walifundishwa kufinyanga mitungi ya udongo ya namna hiyo, yenye mdomo mdogo na kijimfereji, ili familia zisiache mtungi unaopoza maji na bado ziwe salama.

Aliye na ndoo ya kawaida anunue kata yenye mpini mrefu na aitundike ukutani, si kuiacha sakafuni. Chombo kisafishwe kwa sabuni kila kinapokwisha kabla ya kujazwa upya. Mtungi uliowahi kubeba mafuta taa au dawa ya mimea usitumiwe kamwe, hata ukioshwa mara kumi. Andika kwa kalamu nzito juu ya mtungi: YA KUNYWA. Yaya, mgeni na mtoto wote watajua.

Wenye matangi wayasafishe angalau mara mbili kwa mwaka, na kila mara maji machafu yanapoingia. Toa maji yote, sugua kuta kwa brashi, suuza, kisha jaza tena. Kwa kila lita 1,000 tia lita moja ya dawa ya kung'arisha yenye nguvu ya asilimia 5. Yaache usiku kucha, fungua mifereji yote ya nyumba mpaka ule ukali wa klorini usikike, kisha yamwage yote. Maji hayo si ya kunywa. Asiwahi mtu kuingia ndani ya tangi la chini ya ardhi akiwa peke yake, kwani hewa humo huweza kuua.

Kuhusu maji ya kununua, mwenye mkokoteni hajui zaidi yako alikoteka. Yatibu kama ya mfereji. Maji ya chupa nayo yawe na alama ya ubora ya KEBS, na kifuniko kisiwe kimefunguliwa. Kuna wajanja wanaookota chupa tupu na kuzijaza tena.

Uchafu usiokufa kwa moto

Tahadhari msomaji: moto, klorini na jua huua viini, lakini haviondoi kemikali. Maji yenye mafuta, dawa za mimea au madini ya risasi yakichemshwa, maji hupungua na sumu hubaki, hivyo huwa makali zaidi. Mnamo Mei 2015 wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni, waligundua mafuta yaliyovuja kutoka bombani yakiwa yameingia katika maji yao. Maji kama hayo hayana dawa ya nyumbani. Ukisikia harufu ya petroli au ukiona utando wa mafuta juu, acha kuyatumia kabisa, hata kwa kuoga, utafute maji kwingine.

Vivyo hivyo maji ya visima virefu katika sehemu za Bonde la Ufa, na baadhi ya visima vya Nairobi, huwa na madini mengi ya floridi. Hayo ndiyo huwatia watoto meno ya rangi ya kahawia, na yakizidi sana huharibu mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko Nakuru yametumika machujio ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ili kupunguza madini hayo. Kama ploti yenu inatumia kisima, mwulizeni mwenye nyumba awaonyeshe cheti cha upimaji wa maji.

Mtoto akianza kuendesha

Hata ukijitahidi, ajali hutokea. Mtoto akianza kuhara, usingoje kesho. Mpe maji ya chumvi na sukari mara moja. Pakiti zake hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vipimwe sawasawa bila kurundika. Onja kwanza. Yasiwe na chumvi kuliko machozi, kwani chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Mpe kidogo kidogo kwa kijiko kila anapoendesha. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kwa hakika, mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya maziwa ya mama pekee hana haja ya kuonjeshwa maji yoyote, na hiyo ni kinga kubwa. Kwenye zahanati atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, ambavyo hupunguza makali ya kuhara. Vimalize vyote hata akionekana amepona.

Kimbia hospitali ukiona dalili hizi: macho yameingia ndani, analia bila machozi, midomo imekauka, hakojoi, amelegea au hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, au kuna damu katika choo. Mtu wa umri wowote anayeharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele apelekwe bila kukawia. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, lakini kikiwahiwa hutibika.

Usinyamaze

Watu wengi wakiona maji yamebadilika rangi hunung'unika kwenye ngazi za ploti, kisha kila mtu hurudi chumbani mwake. Hilo halitoshi. Yatieni maji hayo katika chupa angavu, andikeni tarehe na saa, mkaripoti pamoja kwa kampuni ya maji na kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Ripoti ya nyumba kumi ina uzito kuliko ya nyumba moja, na huonyesha bomba limepasuka sehemu gani. Hivyo ndivyo John Snow alivyoipata pampu yake.

Wala hamuombi hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila Mkenya haki ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini wakati bomba likingoja fundi, mtoto hawezi kungoja kunywa. Jioni ya leo, kabla ya kulala, chagua mtungi mmoja nyumbani mwako, uoshe kwa sabuni, uweke alama, ujaze maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na uufunike. Kesho asubuhi watoto wanywe humo.